Kabla hatujasema ni jini, tuujue ubongo

 

Ndugu msomaji, wiki hii nilikusudia kueleza kwa ufupi mfumo wa fahamu wa mwanadamu, yaani ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Lakini somo hilo likielezwa kavu kavu, kama tulivyosomeshwa sisi chuoni, halitamfaa mtu nyumbani kwake. Kwa hiyo nitalieleza kupitia ugonjwa mmoja ambao katika nyumba zetu bado unatajwa kwa minong'ono: kifafa.

Aliletwa zahanati binti wa miaka kumi na mitatu, mkono wa kulia umeungua kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Alianguka jikoni wakati akikoroga uji wa futari. Mama yake na shangazi yake walikuwepo. Nilipouliza kwa nini hawakumtoa motoni mara moja, walinyamaza, kisha shangazi akasema: "Tabibu, sisi tulisikia ukimgusa wakati anatoa povu, nawe unaambukizwa." Nikauliza ameanza lini kuanguka. Miaka minne. Amewahi kupewa dawa gani? "Anasomewa."

Kwa miaka minne mtoto yule alisomewa, akafukizwa, akachapwa bakora ili huyo anayedaiwa kumkalia aondoke, na hakuna hata siku moja aliyopelekwa hospitali kwa ajili ya kuanguka kwake. Alipopelekwa, alipelekwa kwa ajili ya kidonda.

Sikuweza kuwalaumu kwa ukali, kwa sababu nami nina langu. Nilipokuwa madrasa tulikuwa na mwenzetu aliyeanguka siku moja juu ya mkeka, juzuu ikamtoka mkononi. Sote tulikimbia nje, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa karibu naye kuliko wote. Baada ya siku ile akatengewa kikombe chake peke yake. Kisha akawa anakaa mbali nasi. Kisha akawa haji tena. Alikuwa amehifadhi kuliko mimi. Kama siku ile ningekuwa najua haya ninayoyaandika leo, nisingekimbia.

UBONGO NA WAJUMBE WAKE

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa wastani wa kilo 1.4 hivi. Hiyo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini ubongo peke yake hutumia karibu moja ya tano ya oksijeni tunayovuta. Ndiyo maana mtoto akichelewa kupumua anapozaliwa, ubongo huwa katika viungo vya mwanzo kudhurika.

Allah (SW) ameuhifadhi ubongo ndani ya fuvu, akauzungushia ngozi laini tatu, na katikati yake akaweka maji safi yanayoukinga usigongegonge mfupa. Ngozi hizo zinapoingiliwa na vijidudu ndipo unapotokea ule ugonjwa tunaouita homa ya uti wa mgongo.

Ubongo una sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni ubongo mkubwa, ambao umegawika upande wa kulia na wa kushoto. Hapo ndipo mahali pa kufikiri, kuona, kusikia, kusema na kuamrisha viungo. Upande wa kushoto huongoza mkono na mguu wa kulia, na upande wa kulia huongoza mkono na mguu wa kushoto. Hivyo mtu akipata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, hupooza upande wa kulia wa mwili. Sehemu ya pili ni ubongo mdogo ulioko kisogoni, ambao kazi yake ni kupanga mwendo na kutuweka sawa tusiyumbe. Ya tatu ni shina la ubongo, linalosimamia kupumua na mapigo ya moyo hata tukiwa usingizini.

Kutoka kwenye shina hilo inateremka kamba ya fahamu, ndani ya pingili za mgongo, yenye urefu wa sentimita 45 hivi kwa mtu mzima. Jozi 12 za mishipa ya fahamu hutoka moja kwa moja kwenye ubongo kwenda machoni, masikioni, usoni na kwingineko, na jozi 31 hutoka kwenye kamba ya mgongoni kwenda mwili mzima. Mishipa hii ni wajumbe: wapo wanaopeleka habari kwenye ubongo na wapo wanaorudisha amri. Ukigusa sufuria ya moto, mkono hurudi kabla hujasema "ah!", kwa kuwa amri ile hutoka hapo hapo mgongoni, na habari ya maumivu hufika kwenye ubongo baadaye kidogo.

Ujumbe wenyewe husafiri kwa njia ya umeme mdogo sana, na katika mishipa yenye kasi zaidi hupita zaidi ya mita 100 kwa sekunde moja. Umeme huu si habari ya kudhania. Daktari wa Kijerumani Hans Berger aliupima juu ya kichwa cha mtu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, na kipimo kinachotokana na kazi yake kinatumika mpaka leo kuchunguza kifafa.

KIFAFA NI NINI

Ubongo una seli za fahamu zinazokadiriwa kufika bilioni 86. Wakati wa uzima kila kundi hufanya kazi yake kwa zamu na mpangilio. Fikiria madrasa yetu baada ya Alasiri: huyu yuko kwenye alifu, yule kwenye Juzuu Amma, mwingine anaandika, na mwalimu anamsikia kila mmoja. Sasa fikiria wote wapige kelele ya neno moja kwa pamoja, kwa nguvu zote, bila kunyamaza. Hakuna somo litakalosikika. Kifafa kinapompata mtu, seli nyingi hutoa umeme kwa pamoja bila mpangilio. Dakika chache zikipita, utulivu hurudi, na mgonjwa huamka amechoka, hajui kilichotokea.

Mtu akianguka mara mbili au zaidi, kwa siku tofauti, bila sababu ya papo hapo kama homa kali, hapo daktari huanza kusema ni kifafa.

Na hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu ndipo penye kosa letu. Si kila kifafa ni cha kuanguka na kutoa povu. Dalili hufuata mahali umeme ulipoanzia. Ukianzia sehemu inayoongoza mkono, mkono peke yake utarukaruka. Ukianzia kisogoni, kwenye sehemu ya kuonea, mgonjwa ataona mianga. Ukianzia pembeni, usawa wa masikio, anaweza kunusa harufu ambayo wengine hawainusi, kusikia sauti, kushikwa na woga wa ghafla, kutafunatafuna midomo, kuchezea nguo zake au kusema maneno yasiyoeleweka. Kuna na watoto ambao hukodoa macho tu kwa sekunde chache kisha huendelea, na mwalimu akamchapa kwa utovu wa adabu, kumbe ni mgonjwa.

Nani kati yetu akimwona mtu ananusa ubani usiokuwepo na kusikia sauti asiyeiona, hatasema ni jini? Lakini daktari Wilder Penfield, aliyeanzisha taasisi ya ubongo mjini Montreal nchini Kanada mwaka 1934, alikuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, kwa ganzi ya ngozi tu, maana ubongo wenyewe hausikii maumivu. Aligusa sehemu mbalimbali kwa umeme mdogo. Akigusa hapa, mkono ulicheza. Akigusa pale, baadhi ya wagonjwa walisikia muziki au waliona mambo ya zamani, na hali chumbani hapakuwa na muziki wowote. Kilichowaonesha hayo ni umeme uliogusa mahali pake.

JE, NINAKANUSHA MAJINI?

Najua wapo watakaosema: "Tabibu huyu amesoma ya wazungu, amesahau ya madrasa." La hasha. Kuwepo kwa majini ni katika imani yetu, na Qur'an ina sura nzima yenye jina lao. Ninachokataa ni mtu kuona dalili za ubongo akatoa hukumu ya jini bila kupima chochote. Hiyo ni kusema bila elimu, na dini yetu haituruhusu kusema bila elimu.

Wanazuoni wetu wenyewe walitangulia katika hili. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Qanun alikieleza kifafa miongoni mwa maradhi ya kichwa na ubongo. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliyekuwa akiamini madhara ya majini, alieleza wazi kuwa kuanguka ni kwa aina mbili, na moja kati ya hizo ni maradhi ya mwili ambayo matabibu ndio wenye kuyashughulikia. Ikiwa mwanachuoni huyo alipambanua, sisi tunapata wapi ujasiri wa kutopambanua?

Na tunaye mwanamke yule aliyetajwa katika hadithi ya Ibn Abbas (RA), iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Alimwendea Mtume (SAW) akalalamika kuwa huanguka na mwili wake hufunuka, akaomba aombewe. Mtume (SAW) akampa hiari ya kusubiri na kupata Pepo, au kuombewa apate afya. Akachagua kusubiri, ila akaomba aombewe asifunuke, naye akamuombea. Angalia, ndugu yangu: hakufukuzwa, hakupigwa, hakutengewa chombo. Na hatuwezi kuitumia hadithi hii kuwanyima wagonjwa wetu tiba, kwa kuwa Mtume huyo huyo (SAW) ndiye aliyetuhimiza tujitibu. Yule mama alijichagulia mwenyewe subira. Binti wa kidonda hakuulizwa.

Ruqya ya Qur'an na dua haizuii dawa, na dawa haizuii ruqya. Msomee mwanao asubuhi na jioni. Lakini kumchapa, kumnyima chakula, kumfukiza moshi mtu asiyeweza kupumua vizuri, na kumwambia aache vidonge ili kisomo kifanye kazi, hayo si ruqya. Hayo ni madhara.

MTOTO MWENYE DEGEDEGE

Degedege la mtoto mdogo ni jambo la haraka zaidi. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 huweza kushikwa na degedege kwa homa tu, na wengi wao hupona bila athari. Lakini homa hiyo hiyo inaweza kuwa ya malaria iliyopanda kwenye ubongo au homa ya uti wa mgongo, na nyumbani huwezi kupambanua. Huku pwani kulikuwa na itikadi kuwa degedege ni mdudu au pepo, kwamba mtoto afukizwe kinyesi cha tembo, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Wapo wanaoyashikilia hayo hadi leo. Ukweli ni kinyume chake: kwa malaria kali sindano ndiyo inayookoa, na saa zinazopotea kwa mganga ndizo zinazoua au kumwachia mtoto ulemavu na kifafa cha baadaye. Degedege likitokea, mlaze ubavu na anza safari ya hospitali.

HATA SISI TUSIOKULA NGURUWE

Sababu za kifafa ni nyingi: kuzaliwa kwa shida, kuumia kichwa (vijana wa bodaboda, vaeni kofia), malaria kali, homa ya uti wa mgongo, kiharusi, na kurithi katika baadhi ya familia. Huko Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwahudumia wagonjwa wa kifafa miaka ya 1960, kifafa kimekuwa kingi kuliko kawaida, na wataalamu wamekihusisha na ugonjwa wa usubi. Kwa hiyo dawa ya usubi ikigawiwa kijijini, imezeni.

Ipo sababu moja ambayo Waislamu wengi hudhani haiwahusu, nayo ni minyoo tegu ya nguruwe. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva hupata mnyoo tumboni. Lakini mayai ya mnyoo huyo hutoka na choo cha mtu huyo, na mtu mwingine yeyote akiyala kwa mikono michafu, mboga zisizooshwa au maji machafu, viluwiluwi vyake vinaweza kwenda kukaa katika ubongo na kuleta kifafa. Mwaka 1992 ilitangazwa habari ya wagonjwa wanne wa namna hii katika jamii ya Mayahudi wa New York, watu ambao hawali nguruwe kabisa. Waliambukizwa kupitia wafanyakazi wa majumbani waliokuwa na minyoo.

Kwa hiyo kuacha nguruwe ni wajibu wetu wa dini, lakini hakutoshi kutukinga na ugonjwa huu. Choo safi, kunawa mikono kwa sabuni baada ya kustanji na kabla ya kugusa chakula, na kuosha mboga za majani kwa maji safi ndiyo kinga. Sisi tunaotawadha mara tano kwa siku hatuna udhuru wa kukosa sabuni chooni.

ANAPOANGUKA MBELE YAKO

Usikimbie. Povu ni mate tu, na kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa pumzi, kwa kikombe wala kwa kugusana. Mwondoe karibu na moto, maji au barabara. Mwekee nguo laini chini ya kichwa, legeza kola au mtandio shingoni, na mfunike mwili wake asiaibike. Mgeuze alale ubavu ili mate yatoke nje. Usimwekee kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote, wala usimkandamize. Tazama saa. Ikizidi dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, au ni mara yake ya kwanza, au ni mjamzito, mpeleke hospitali bila kungoja.

DAWA NA RAMADHANI

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Fenobabitoni, iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, bado ni miongoni mwa dawa za bei nafuu. Zipo pia kabamazepini, fenitoini na nyinginezo. Valproeti nayo hutumika, lakini huweza kumdhuru mtoto tumboni, hivyo mwanamke anayeweza kupata ujauzito azungumze kwanza na daktari wake.

Dawa hunywewa kila siku, hata ukijiona mzima. Kwa kawaida daktari hafikirii kuipunguza mpaka mgonjwa amalize angalau miaka miwili bila kuanguka, nayo hupunguzwa kidogo kidogo. Ukiikata ghafla, unaweza kuanguka mfululizo na kupoteza maisha.

Mwezi wa Ramadhani ndipo wengi wanapoharibu. Mtu huacha vidonge vya mchana bila kumwuliza yeyote, huku analala saa chache, na kukosa usingizi ni katika mambo yanayochochea kifafa. Muone daktari kabla ya mwezi kuandama. Zipo dawa zinazonywewa mara moja tu usiku, na mgonjwa aliyetulia anaweza kuruhusiwa kufunga. Asiyeruhusiwa, Allah (SW) amekwisha mpa ruhusa mgonjwa katika Suratul Baqara. Asidhani kuwa kuikataa ruhusa hiyo ni uchaji zaidi.

RAI YANGU

Kwa masheikh na walimu wanaosomea watu: akiletwa kwenu mtu anayeanguka, neno lenu la kwanza liwe, "Je, amepelekwa hospitali?" Neno hilo likitoka kwenu litasikilizwa kuliko likitoka kwangu. Kwa walimu wa madrasa: mwanafunzi mwenye kifafa abaki kwenye mkeka wake, na wenzake wafundishwe kumgeuza ubavu. Kwa wazazi: msimfiche, msimtoe shule, na anapoposwa au kuposa semeni ukweli, maana siri huwafanya wengi waache dawa ili wasionekane wakimeza.

Binti yule alianza dawa siku alipokuja kufungwa kidonda. Mkono umepona, ingawa vidole viwili havikunjuki tena. Miezi mingi sasa hajaanguka, na mama yake bado anamsomea kila usiku, kisha anampa kidonge chake kwa maji. Hivyo ndivyo ninavyotaka nyumba zetu zifanye.

Allah (SW) awaponye wagonjwa wetu na atujaalie kujua kabla ya kuhukumu. Wabillahi tawfiq.